Maamuzi Madogo Tuwabebee, Makubwa Tuwaachie

Wiki hii mmetuuliza: mtoto anapopatwa na ugonjwa mzito, sisi ndugu na marafiki tuisaidieje familia yake, tangu hospitalini hadi atakapopona? Jibu langu kwa ufupi ni kwamba tuwabebee wazazi maamuzi madogo, yote tunayoyaweza, na yale makubwa tusiyaguse. Niruhusuni nilieleze kwa urefu, maana kwa ufupi linaonekana jepesi kuliko lilivyo.

Naandika kama mjomba. Mpwa wangu, binti wa mdogo wangu, aliugua homa ya uti wa mgongo, ile ya bakteria, akiwa na miaka sita. Asubuhi alikuwa na homa na kutapika, jioni hatambui mtu, na kabla hakujakucha alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, mpira wa hewa kooni. Alipona. Sikio lake la kushoto halikupona, na hilo nitalifikia.

Mzazi aliyekaa kando ya kitanda cha namna hiyo hana nafasi ya kufikiria jambo jingine. Macho yako kwenye skrini, masikio yanasubiri mashine ilie, kichwa kinarudiarudia alichosema daktari kisije kikapotea. Ndipo simu inaita: "Pole sana dada, ukihitaji chochote usisite kuniambia." Anayesema hivyo anamaanisha, sina shaka. Lakini hebu hesabu kazi aliyomtwisha: akae afikirie anahitaji nini, achague wa kumwomba, apime kama ombi si kubwa mno, aombe, aeleze, ashukuru. Wengi huishia kujibu "asante, tunaendelea vizuri", simu inakatwa na hakuna kilichofanyika.

Mfanyakazi mwenzake shemeji yangu alifanya vingine. Alituma ujumbe: "Kesho nitampitia kijana shuleni saa tisa na nusu, atakaa kwetu na wanangu mpaka mtakaponiambia. Nimeshaongea na mwalimu, anangoja neno lenu tu." Jibu lilikuwa neno moja: sawa. Msaada wa kweli ndivyo unavyofika, umeshafikiriwa mpaka mwisho, aliyeelemewa abakiwe na kukubali au kukataa basi.

Mimi nilichukua simu. Namaanisha simu yenyewe ya mdogo wangu, nikakaa nayo nje ya wodi. Kabla ya kuanza nilimuuliza swali moja: kipi kisisemwe? Akasema picha ya mtoto asitumiwe mtu yeyote, na habari kwamba ubongo huenda umeguswa ibaki kwetu wanne. Hilo lilikuwa uamuzi mkubwa, likabaki lake. Mengine yote yakawa yangu. Kila siku saa mbili usiku nilituma ujumbe mmoja kwa watu wote, mfupi, bila kupamba: "Leo homa imeshuka. Bado anasaidiwa kupumua. Kesho watajaribu kupunguza dawa ya usingizi. Wageni bado. Msipige, andikeni, nasoma zote." Baada ya siku chache hata wapigaji sugu walizoea kuingoja saa mbili. Shangazi mmoja alininunia kwa kumzuilia mama mtu, na nadhani hajanisamehe kabisa. Kazi ya ubawabu ina gharama zake, na ni afadhali azilipe mjomba kuliko mama wa mgonjwa.

Ipo kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Homa ya uti wa mgongo ikithibitika kuwa ya bakteria wa aina fulani, waliokaa karibu sana na mtoto siku za karibuni hupewa antibiotiki ya kinga. Basi wahudumu wa afya wanataka orodha: nani analala chumba kimoja naye, nani kashinda naye. Unamkalisha mama aliyekesha kuandika majina ya watu? Mpe karatasi hiyo ndugu mwenye kumbukumbu nzuri, mama aisome mara moja aongeze aliyesahauliwa. Michango ya fedha vivyo hivyo: awepo mmoja wa kupokea, kuandika na kulipa, na asiwe mzazi.

Kwenye zamu za kukaa na mtoto niseme kidogo, kwa sababu hapo ndipo wema wetu hugeuka ubabe. "Mama nenda nyumbani ukalale, mtoto ana wauguzi." Mzazi kukaa na mtoto hospitalini si anasa. Zamani hospitali nyingi ziliwafungia wazazi nje, zikawapa muda mdogo tu wa kumwona mtoto. Mwaka 1959, nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilishauri wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote na mama wa watoto wadogo waweze kulazwa nao, kwa kuwa kutenganishwa kwenyewe kunamuumiza mtoto. Kwa hiyo usimwamulie aondoke. Mwambie, "Nitakuwa hapa tangu saa sita mpaka saa kumi. Ukitaka kulala hapo kwenye kiti, lala, mimi naangalia. Ukitaka kutoka, toka." Mdogo wangu alichagua kiti karibu kila mara, na mimi nilikuwa na kazi ya kumwamsha kila daktari alipopita.

Daktari anapopita, kuwe na watu wawili, mmoja wa kusikiliza na kuuliza, mmoja wa kuandika. Mwenye kuandika asiongee. Tulikuwa na daftari la kawaida la shule, na kila ukurasa ulikuwa na tarehe, jina la daktari wa zamu, alichosema na kinachosubiriwa kesho. Maswali yetu yalikuwa matatu, yale yale kila siku: leo mnataka kuona nini, kipi kikitokea kitawatia wasiwasi, na sisi tufanye nini? Daftari hilo lilituokoa na ugomvi, kwa maana mtu aliyekesha husikia "tunatumaini" akaenda kusimulia "wamesema atapona".

Sasa yale makubwa. Kutia sahihi, kuchagua kati ya njia mbili za matibabu, kumleta ndugu kuaga au kutomleta, kumwombea mtoto kitandani na nani aje kuomba: hayo ni ya wazazi. Kuwa na maoni si dhambi, kuyaleta bila kuulizwa ndiyo kosa. Usilete dawa ya rafiki yako, hata ikiwa ya majani. Zipo zinazogongana na dawa za hospitali, na ukimletea mama unampa jambo la kuamua ambalo hakuliomba. Na lipo swali moja ambalo naomba lifutwe vinywani mwetu: "Kwani mlichelewa kumpeleka?" Homa ya uti wa mgongo katika saa za mwanzo inafanana na mafua au homa yoyote, na kwa watoto wadogo hata ile shingo kukakamaa huenda isionekane. Madaktari wenyewe wanalijua hilo. Anayeuliza hatapata taarifa yoyote ya maana, na mama atajiuliza swali hilo usiku kucha.

Kaka wa mgonjwa alikuwa na miaka tisa, na watu wazima tulimwona mtulivu. Mke wa yule mfanyakazi mwenzake shemeji ndiye aliyegundua. Kijana alimuuliza wakati anasafisha viatu, bila kuinua macho: mtu akimsukuma mwenzake akaanguka, anaweza kuugua kichwa? Kumbe siku mbili kabla ya homa waligombania baiskeli. Watoto hufikiri hivyo mara nyingi, kwamba hasira yao imemfanya mwingine augue, na hawasemi mpaka wapate pembe tulivu. Alijibiwa pale pale, kwa maneno ya wazi: ugonjwa huu unaletwa na wadudu wadogo wasioonekana, hautokani na kusukumwa, na hakuna ulilofanya lililouleta. Jioni baba yake akampigia akarudia yale yale. Ukiwa na nafasi ya kusaidia familia moja tu kwa jambo moja tu, mchukue ndugu wa mgonjwa. Mpe muda, mpe ukweli unaolingana na umri wake, na usimwambie "wewe sasa ndiye mwanaume wa nyumba".

Mpwa wangu alipotolewa kwenye mashine hakuwa yule tuliyemzoea. Alipiga kelele kwamba kuna wanyama ukutani, akamkataa mama yake. Wauguzi walitueleza kwamba mtoto aliyekuwa mahututi na kupewa dawa za usingizi anaweza kuchanganyikiwa anapoamka, na kwamba kwa kawaida hupita. Ilipita. Miguu ilikuwa imelegea, hakuweza kusimama. Kulala kitandani muda mrefu katika hali ile hula misuli haraka.

Kisha akaruhusiwa, na hapa ndipo wasaidizi wengi hupiga makofi na kutawanyika. Ujumbe ulikuwa "Mungu mkubwa, sasa pumzikeni". Wapumzike wapi? Hospitalini kulikuwa na mashine ya kulia na muuguzi wa kukimbia. Nyumbani mama ndiye mashine, anaamka kusikiliza pumzi. Mtoto aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani ameanza tena, hataki kuachwa hata dakika, anarusha vitu, akiona koti jeupe analia. Haya ni ya kawaida baada ya hali ile na mara nyingi hupungua, lakini asiyeambiwa hudhani mtoto kaharibika. Mwaka 2018 wataalamu wa watoto mahututi waliandika mfumo wa kueleza yanayofuata baada ya chumba kile, na ndani yake hawakumweka mtoto peke yake. Wazazi wamo, ndugu zake wamo, na kupona kunaweza kuchukua miezi au miaka. Mzazi akiendelea kuona picha za siku ile, hapati usingizi, anakwepa hata kupita karibu na hospitali, hajadeka. Anahitaji mtu wa kumsindikiza kwa mshauri au daktari, na kusindikiza ni kumtafutia miadi na kukaa na watoto akiwa huko.

Tulipofika nyumbani kazi yangu ilihama kutoka simu hadi karatasi ya dawa. Nilichora mistari: jina la dawa, mililita ngapi, saa ngapi, nani kampa. Kalamu ilifungwa kwa uzi pale pale. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, kwa hiyo tulitumia bomba la kupimia lisilo na sindano, si kijiko, maana vijiko vya jikoni havilingani. Safu ya "nani kampa" watu waliicheka. Lakini nyumba yenye wasaidizi wanne waliochoka ndiyo nyumba ambayo mtoto hupewa dawa mara mbili, kila mmoja akidhani mwenzake kasahau.

Na tarehe za kliniki. Nilikuwa nazo zote kwenye simu yangu, ile ya masikio ikiwa ya kwanza. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria inaweza kuharibu usikivu, na sikio la ndani linaweza kuanza kugeuka mfupa mapema, jambo linalofanya iwe vigumu zaidi kumwekea mtoto kifaa cha kusikia kinachopandikizwa iwapo atakihitaji. Ndiyo sababu kipimo hakingoji mtoto "apate nguvu kwanza". Shemeji alitaka kukiahirisha, kila mtu alikuwa amechoka na hospitali. Sikubishana naye. Nilimwomba daktari amweleze yeye mwenyewe kwa nini ni sasa, nikaleta usafiri, na uamuzi wa kwenda akaufanya baba.

Kadiri wiki zilivyopita niliyarudisha yale niliyoyabeba, moja moja. Simu kwanza, karatasi ya dawa mwisho. Wapo wasaidizi wasiojua kurudisha; mama ameshapata nguvu, wao bado wanampangia siku. Na mtoto naye anadai yake. Kwa wiki nyingi kila mtu alimgusa bila kumuuliza, kwa hiyo tulianza kumpa ya kuchagua kila palipowezekana: mkono upi utolewe damu, mazoezi ya miguu kabla ya kuoga au baada, dawa chungu ianze au ifuate. Kama kitu hakina hiari, kama vile dawa yenyewe, hatukumuuliza "unataka?", kwa kuwa swali la uongo humkasirisha kuliko amri.

Shule alirudi kidogo kidogo, nusu siku kwanza. Mwalimu alimweka mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia ndilo lielekee kwa wenzake. Mwenye sikio moja hujua kuna sauti lakini hajui inatoka wapi, hivyo barabarani tulimfundisha kutegemea macho. Mwalimu alipendekeza awaeleze wanafunzi habari za sikio lile. Mdogo wangu akasema aulizwe mwenyewe. Mwenyewe akafikiri, akajibu kwamba anaocheza nao atawaambia, na hao wengine watajua wenyewe wakimwita asipoitika.