Soba au methadoni? Majibu kwa wasomaji

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 29, anatumia unga (heroini) tangu amalize kidato cha nne. Tumechanga hela za soba, yaani nyumba ya kuachia ulevi, akae miezi minne. Mjomba anasema methadoni, ile dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini, ni kumtoa kwenye unga na kumtia kwenye unga mwingine. Tushike lipi? (Dada mtu, Mbagala)

JIBU: Dada, vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Kabla hamjalipa, ulizeni nyumba hiyo kama itampeleka kliniki kila siku akanywe dozi ya methadoni. Wakisema hawataki mtu wa methadoni, sisi tungetafuta nyumba nyingine.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, humshika mtu saa 8 hadi 12 baada ya kutumia, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki moja hivi. Inatesa, lakini ni nadra kuua. Hatari kubwa ipo siku anayotoka soba. Baada ya miezi minne mwili umeshapoteza uzoefu wa kuhimili unga, naye akirudia kiasi kile kile cha zamani, pumzi inakata.

Mjomba mwambieni hivi: heroini hupanda na kushuka upesi, ndiyo maana mtu huihangaikia mara kadhaa kwa siku. Methadoni ya kunywa hupanda polepole na kushika siku nzima. Dozi ikikaa sawa, mtu hasinzii na kazini anakwenda. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, wakafuata Mwananyamala na Temeke. Ninyi wa Mbagala, Temeke ndiyo jirani. Dawa ni bure, na hunywewa mbele ya mtoa dawa.

Wiki mbili za mwanzo za methadoni msimwache peke yake. Siku ya kwanza kwa kawaida hazizidi miligramu 30, kisha hupandishwa taratibu, maana dawa hujilimbikiza mwilini kwa siku nne tano. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Jioni atalalamika kwamba haijamshika. Akiongezea unga, pombe au valiamu, anaweza kulala moja kwa moja. Mkisikia anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi na haamki, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali akachomwe naloksoni, dawa ya kuzima nguvu za heroini na methadoni. Akizinduka msiondoke naye: naloksoni huisha nguvu mapema kuliko methadoni.

Kama anatibiwa TB, kliniki wajue. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huiondoa methadoni mwilini haraka, arosto ikarudi hata kama hajakosa dozi. Na akikosa siku tatu mfululizo, asidai dozi yake ya zamani, lazima ishushwe.

SWALI: Mume wangu hunywa gongo kuanzia asubuhi. Soba wamesema watamfungia ndani aache ghafla. (Mama watoto, Tandale)

JIBU: Mama, hapana, hospitali kwanza. Pombe si kama unga: kuiacha ghafla kunaweza kuua. Mikono hutetemeka ndani ya saa chache, degedege huweza kuja katika siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka na kuona visivyokuwepo. Daktari humpa diazepamu kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo inafaa itangulie dripu ya glukosi. Methadoni haimhusu. Soba aende akishatulia.