Kuuza gari kuukuu: lipi utengeneze, lipi uliache

Gari lina kasoro zaidi ya kumi, na pesa niliyonayo inatosha tatu au nne tu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye zile ambazo mnunuzi hawezi kukisia ukubwa wake. Mtu akiona kitasa cha mlango kimekatika, anajua ni kitasa. Atatoa kichwani bei ya kitasa na ya fundi, yameisha. Akiona taa ya injini inawaka, au tone la oili chini ya gari, hajui kama ni kazi ya saa moja au ni injini nzima. Hapo atakata bei kwa kadiri ya hofu yake, na hofu huwa ghali kuliko spea. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye uchunguzi, matengenezo baadaye. Kasoro iliyopimwa na kuandikwa inauzika hata usipoigusa.

Kisha ulizia bei mbili kwa kila kasoro: gari kama hilo likiwa nayo linaondoka kwa ngapi, na likiwa zima linaondoka kwa ngapi. Tofauti ikizidi gharama ya spea, fundi na siku ambazo gari litalala gereji, tengeneza. Isipozidi, acha. Breki, usukani, taa na tairi haziingii kwenye hesabu hii: hizo tengeneza tu. Mnunuzi atalijaribu gari barabarani, na wewe utakuwa umekaa pembeni yake.

Taa ya injini inawaka lakini gari linavuta vizuri. Fundi anasema ataifuta kwa mashine. Inatosha?

Haitoshi. Kosa likifutwa, kompyuta ya gari hufuta pia matokeo ya majaribio yake ya ndani, na mnunuzi mwenye kimashine cha kuchomeka chini ya dashibodi ataona majaribio hayo hayajakamilika. Kuanzia hapo hata ukweli wako utatiliwa shaka.

Soma kosa kwanza, uandike namba yake. P0455 ni uvujaji mkubwa wa mvuke wa petroli. Kabla ya kufungua chochote angalia kifuniko cha tangi, maana mpira wake ukipasuka taa huwaka. P0420 inasema masega ya eksozi (kisafisha moshi kilicho ndani ya bomba) hayasafishi moshi inavyotakiwa. Masega ni ghali, usikimbilie kuyanunua: tafuta kwanza eksozi iliyotoboka karibu na sensa ya oksijeni, na hakikisha injini haimisi (hakuna silinda inayoshindwa kuunguza petroli yake), kwa sababu petroli isiyoungua ndiyo huyaua masega yenyewe.

Kwa misi, chukua mfano wa P0302, yaani silinda namba 2. Kama kila silinda ina koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme), zima injini, toa koili ya 2 na ya 3, uzibadilishane. Futa kosa, endesha gari kidogo, soma tena. Likirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu na umeshamaliza kazi. Likibaki P0302, badilishana plagi kwa njia hiyohiyo. Likigoma kuhama tena, kinachobaki kwa kawaida ni nozeli (inayonyunyiza petroli), waya au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kompresheni ikiwa ndogo, simama hapo hapo: andika vipimo vya silinda zote na upange bei kwa uwazi. Kufungua injini ya gari unaloliuza ni nadra sana kulipa.

Injini ina oili kwa nje. Ni jasho tu au inavuja?

Huwezi kujua mpaka uisafishe. Oili hushuka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma, kwa hiyo palipolowa sana mara nyingi sipo inapotokea. Funika altaneta na soketi za umeme, safisha injini, ikauke, endesha siku mbili tatu, halafu mulika kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye tatizo.

Likiwa ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), badilisha. Spea ni ya bei nafuu, kazi ni fupi, na uvujaji huo ndio unaodondokea eksozi na kuleta ile harufu ya kuungua inayomfukuza mnunuzi dakika ya tano. Futa vizuri pande zote mbili kabla ya kupachika mpya, na usikaze kwa nguvu za mkono: boliti hizi ndogo nyingi hukazwa kwa takriban nyutoni-mita (Nm) 10 tu (fuata kipimo cha gari lako), na zikizidishwa kava hupinda na oili hurudi palepale. Kagua pia vali ya kupumulia ya injini. Ikiziba, mgandamizo hujaa ndani na kusukuma oili kupitia sili zilizo nzima, na utabadilisha sili bila kuona mwisho.

Uvujaji ukitokea kati ya injini na gia boksi, pengine ni sili ya nyuma ya krenkshafti. Kuifikia kunahitaji kushusha gia boksi. Iache uitaje, isipokuwa kama klachi inabadilishwa pia, maana kazi ya kushusha inakuwa moja.

Tairi zimebakiza kidogo na usukani unatetemeka nikikanyaga breki. Ninunue tairi mpya nne?

Mtetemo wa wakati wa breki hauponywi na tairi. Kwa kawaida diski za mbele zimelika bila usawa. Pima unene: kiwango cha chini kimegongwa kwenye diski yenyewe, kwa milimita. Zikiwa chini yake, badilisha mbili za ekseli moja pamoja na pedi zake. Pedi zenyewe zikifika milimita 3, badilisha.

Kwenye tairi, tafuta vinundu vidogo ndani ya mifereji. Kashata (sehemu za tairi zinazogusa barabara) zikilingana navyo, umefika milimita 1.6, na tairi imekwisha. Kisha soma tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnunuzi mjanja husoma hapo, kwa hiyo tairi "mpya" iliyokaa stoo miaka mingi haitakusaidia.

Angalia imelika vipi. Ikilika ukingo mmoja, alaimenti (mpangilio wa magurudumu) imepotea au boljoint na bushi, yaani maungio ya magurudumu, zimelegea. Ikilika katikati, ilijazwa upepo kupita kiasi. Ikiwa na mabonde mabonde, kagua kwanza shokapu. Ukiweka tairi mpya juu ya kasoro hizo umetupa pesa, na usukani bado utavuta upande.

Nipige rangi gari zima?

Hapana. Rangi mpya kwenye gari kuukuu humfanya mtu aulize inaficha nini. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 180 hivi, na kipimo cha mkononi kitaonyesha mara moja palipopakwa puti. Acha mikwaruzo ya kawaida. Kibonyeo ambacho hakijavunja rangi kinaweza kusukumwa kutoka ndani bila kupaka kitu.

Pesa hiyo ipeleke kwenye taa za mbele zilizogeuka njano. Hakuna kazi ndogo inayobadilisha sura ya gari kuliko hii. Osha taa, zungushia tepu kulinda rangi ya bodi. Anza na msasa wa maji namba 800 ikiwa njano ni nzito, kisha 1500, 2000 na 3000, ukimwagia maji muda wote. Kila namba isugue kukingama na iliyotangulia, ili uone kama alama za mwanzo zimekwisha. Taa itakuwa nyeupe kama maziwa. Usiogope, polishi ndiyo huirudishia mng'ao. Malizia na koti la kukinga miale ya jua. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, na kwa kuwa msasa umeondoa kinga ya kiwandani, njano hurudi baada ya miezi michache.

Kiyoyozi hakipoi. Nijaze gesi?

Gesi haitumiki ikaisha, ikipungua, imevuja. Kagua kwanza fyuzi, rilei, feni ya kondensa na kichujio cha hewa ya ndani. Kisha tafuta alama za mafuta kwenye maungio ya mabomba, kwani gesi hutoka pamoja na oili ya kompresa. Oringi (pete ya mpira ya kwenye maungio) ikiwa ndiyo mbovu, badilisha, vuta hewa yote, jaza kwa uzito ulioandikwa chini ya boneti. Kompresa ikiwa imekufa, iache na useme hivyo.

Linachemsha. Nimeshauriwa nimwage dawa ya kuziba kwenye rejeta, niuze haraka.

Usifanye. Dawa hiyo huweza kuziba mirija ya rejeta na ya hita, na kumwuzia mtu kosa unalolijua huku ukilificha kunaweza kukufikisha mahakamani. Angalia kifuniko cha rejeta, thermostati na feni. Mara nyingi kisa huishia hapo. Ukihofia gasketi ya hedi (kichwa cha injini), fundi apime hewa ya juu ya maji ya rejeta kwa kimiminika cha bluu: kikigeuka njano, gesi za moto zinaingia kwenye maji. Hapo uza lilivyo, kwa bei yake, pamoja na majibu ya kipimo.

Asubuhi linawaka kwa shida. Niliwashe kabla mnunuzi hajafika?

Ataweka kiganja kwenye boneti, aondoke. Pima betri baada ya gari kulala usiku: volti 12.6 imejaa, 12.4 ina takriban robo tatu. Wakati wa kupiga staata isishuke chini ya 9.6, ikishuka ingawa ilikuwa imejaa, betri imechoka. Injini ikishawaka, altaneta itoe kati ya 13.8 na 14.5 au zaidi kidogo. Vipimo vyote vikiwa sawa, fungua vichwa vya betri, sugua unga mweupe kwa magadi na maji, kaza, kisha fuata waya wa ethi (wa upande hasi wa betri) mpaka unapoungana na bodi. Kutu hukaa hapo, na kuisugua kwa msasa ni kazi ya dakika kumi.