Selimiye ya Edirne: kuba, minara na tulipu kichwa chini

Safari hii maswali yote yanahusu msikiti mmoja, Selimiye, ulioko Edirne, Uturuki, karibu na mipaka ya Bulgaria na Ugiriki.

Swali: Kwa nini Sultani Selim wa Pili aliujenga Edirne na si Istanbul?

Edirne ulikuwa mji mkuu wa Waosmani kabla hawajaiteka Istanbul mwaka 1453, na Selim mwenyewe aliupenda. Ujenzi ulianza 1568. Maskini, hakuwahi kuswali humo: alifariki Desemba 1574, miezi michache kabla msikiti haujafunguliwa.

Swali: Ni kweli kuba yake inaizidi ya Hagia Sophia, jengo la Istanbul lililojengwa kale na Wakristo kama kanisa?

Ubishi wa zamani huo! Sinan, msanifu mkuu wa Waosmani, akikaribia miaka 80, alijigamba kwamba ameipita, awazibe midomo waliosema hakuna Mwislamu awezaye kujenga kuba kama ile. Tukipima, upana ni kama mita 31, karibu sawa kwa sawa. Kwa kimo kutoka sakafuni Sinan ameshindwa: Hagia Sophia inapita mita 55, Selimiye haifiki 45.

Ila mimi simpimi Sinan kwa mita. Hagia Sophia imeegemezwa kwenye nguzo kuu nne na nusu-kuba mbili, ukumbi umerefuka, na ukikaa pembeni safu za nguzo zinakuziba. Sinan aliutandaza uzito juu ya nguzo nane, akazisogeza kuelekea kutani, na mihirabu akaiingiza ndani kwenye kibanda chake. Basi hata aliyechelewa akaswali nyuma kabisa anaiona kuba karibu yote. Mwenyewe, akitaja misikiti yake miwili ya Istanbul, aliuita Şehzade kazi ya uanagenzi, Süleymaniye kazi ya ufundi, na huu wa Selimiye kazi ya ubingwa. Sina la kumpinga.

Swali: Watu watatu wanaweza kupanda mnara mmoja bila kuonana?

Wanaweza, katika minara miwili kati ya minne. Kila mmoja una roshani tatu, na kila roshani ina ngazi yake. Ngazi zote zinazungukana ndani ya mnara mwembamba wa takriban mita 70.

Swali: Na ile tulipu iliyopinduliwa?

Wenyeji husimulia kwamba mwenye kiwanja alikuwa na bustani ya tulipu na akagoma kuuza, ndipo ua likachongwa kichwa chini kwa ukaidi wake. Hadithi tu, lakini tamu. Litafute chini ya kuba, kwenye mguu wa marumaru wa jukwaa la waadhini. Ni dogo, usipoinama utalipita.