Kiwanja cha mteremko? Jaribu vetiva kabla ya ukuta

Aliyejenga Goba, Kimara au kwenye vilima vya Mbezi anaijua hesabu hii. Msingi umekula hela, paa limekula hela, halafu masika yanakuja kuchukua udongo wa uani. Inaanza na vifereji vidogo ambavyo unaviziba kwa jembe. Usipoangalia, misimu michache baadaye msingi wa uzio uko nje na jirani wa bondeni anakuletea malalamiko kwamba mchanga wako umejaa kwake.

Ukiomba ushauri utaambiwa viroba vya mchanga, matairi chakavu au ukuta wa mawe. Sina ugomvi na ukuta. Kama una genge lililosimama wima, mtafute mhandisi na habari za nyasi uachane nazo. Ila kwa mteremko wa kawaida, ule unaoupanda kwa miguu bila kushika kitu, mimi kazi hiyo nimeiachia vetiva, nyasi ndefu inayoota kwa mashina, na hiyo hiyo ndiyo inayoipendezesha bustani yangu.

Asili ya vetiva ni India. Ni ndugu wa mchaichai na kwa macho wanafanana, kwa hiyo kila mgeni anayefika kwangu lazima achume jani, alifikiche, anuse, kisha aniangalie kama niliyemdanganya. Majani hayana kitu. Harufu iko kwenye mizizi, na mizizi hiyo ndiyo inayotoa mafuta ya manukato huko Haiti na Indonesia. Wahindi wao huifuma kuwa mapazia, wakayalowesha maji siku za joto, upepo ukipita hapo unaingia ndani umepoa na unanukia.

Kwa mwenye bustani, cha maana ni kwamba mizizi hiyo haitambai. Inashuka wima, na kwenye udongo mzuri inafika mita 3 au zaidi. Ndiyo maana kiangazi kikali cha Dar hakiitishi, na ndiyo maana inaweza kukaa jirani na waridi bila kuligombania maji sana. Juu nako, mabua yake ni magumu. Ukipanda mstari uliobanana, maji ya mvua yakifika hapo yanapunguza kasi, yanapenya taratibu na kuuacha udongo nyuma ya mstari. Msimu hadi msimu udongo huo unapanda, mwisho unajikuta na tuta ambalo hukulichimba.

Habari hizi si ngeni kwa watu wa kilimo. Mtaalamu wa kilimo John Greenfield aliitumia Fiji kwenye mashamba ya miwa miaka ya 1950, na miaka ya 1980 yeye na Richard Grimshaw wakaifufua India wakiwa Benki ya Dunia. Thailand nako Mfalme Bhumibol aliipigia debe kuanzia 1991. Kwetu bado wengi wanaiona ni nyasi ya kandokando ya barabara na makorongo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Panda shina moja peke yake, mbali na mstari, uliache likue. Litapanda kupita urefu wa mtu, majani yakianza kusimama na kisha kujikunja nchani, na baadaye yatatoka masuke marefu ya rangi kati ya zambarau na kahawia. Likiwa mbele ya ukuta mweupe, jua la saa kumi na moja jioni likalipiga kwa nyuma, hutatamani ua la kununua. Mimi nimeyapanda matatu matatu, nafasi ya karibu mita moja, miguuni nikaweka mishubiri na juu yake kidogo bogenvilia. Mimea yote hiyo inavumilia kusahauliwa, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha mmea wa bustani. Pasipalamu, ile nyasi fupi ya kufunika uwanja, niliibakiza mbele ya baraza tu, maana bili ya maji nayo ina sauti.

Sasa upandaji. Mche hapa ni chipukizi linalomeguliwa kutoka shina la zamani. Chukua kipande chenye machipukizi mawili au matatu, kata majani yabaki kama sentimita 20, mizizi nayo ipunguze. Kwa mstari wa kuzuia udongo acha sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche. Watu huona ni karibu mno wakatanua ili waokoe hela, lakini pengo moja linatosha kuyakusanya maji yote, na maji yakishapata njia huchimba kuliko pale ambapo hapakuwa na nyasi kabisa. Kama miche ni michache, fupisha mstari au punguza idadi ya mistari.

Mstari wenyewe usiuamini kwa macho. Lazima uwe usawa mmoja kukata mteremko, usielekee chini hata kidogo. Mwite fundi ujenzi na mpira wake wa maji, akupigie vigingi kuanzia juu. Ni kazi ya muda mfupi, na ndiyo inayoamua kama nyasi itazuia maji au itayasindikiza.

Panda masika yanapoanza. Vuli pia inafaa, ila mvua zake hukatika ghafla, basi uwe tayari kumwagilia mpaka miche ishike. Samadi kidogo kwenye mfereji wa kupandia inaiamsha haraka, hasa kwenye mchanga wetu huu. Ikishashika, acha kumwagilia.

Adui yake mkubwa ni kivuli, na huyo usimdharau. Chini ya mwembe vetiva inakonda, inaacha mapengo, inakufa polepole. Kama mteremko wako umefunikwa na miti, punguza matawi kwanza au tafuta mmea mwingine.

Unaponunua, hakikisha ni ile isiyozaa mbegu. Aina ya kusini mwa India inatoa masuke lakini mbegu zake hazioti, kwa hiyo inabaki pale ulipoiweka. Usitegemee maneno ya muuzaji. Angalia chini ya mashina yake makubwa kama kuna vijimche vilivyojiotea. Tahadhari hii ni kwa kila nyasi ya mapambo. Zile zenye mikia laini ya manyoya zinazopendwa sasa hivi kwenye vitalu vya maua, aina yake mojawapo ni ya Afrika hii hii, na ilipopelekwa Hawaii kama pambo iligeuka gugu linalosambaza moto wa porini.

Swali la nyoka huwa haliepukiki. Utasikia kwamba vetiva inafukuza nyoka. Siamini, na nisingependa mtu acheze na watoto pale kwa kutegemea hilo. Kichaka chochote kisichotunzwa ni maficho. Dawa ni kukata: mstari ukate hadi usawa wa goti mara mbili au tatu kwa mwaka, nayo itajibu kwa kutoa machipukizi mengi na kuziba mapengo. Yale ya mapambo yakate mara moja tu, kabla ya masika, na uondoe makavu ya chini. Vaa glavu na mikono mirefu, kwa sababu kingo za majani zinachana ngozi. Usichome takataka karibu nayo wakati wa kiangazi, majani makavu yanashika moto upesi.

Majani unayokata usiyatupe. Hayaozi haraka, kwa hiyo ni matandazo mazuri chini ya migomba na mipapai. Mwenye mahindi kidogo nyuma ya nyumba naye ana faida: utafiti uliofanyika Afrika Kusini ulionyesha kwamba nondo wa viwavi wanaotoboa mabua hupenda kutaga kwenye vetiva kuliko kwenye mahindi, na viwavi wakishaanguliwa huko wengi hufa.

Shina likizeeka, katikati panakauka na kubaki duara la kijani pembeni. Hapo ling'oe lote kwa sururu, maana jembe halitoshi, tupa moyo mkavu na umegue pembeni upate miche mipya. Shina moja kubwa linatoa miche ya kutosha wewe kuziba mapengo yako na yule jirani wa bondeni naye apate mstari wake.