Kuhamisha nafasi kutoka /home kwenda /var

Hii ni kwa seva ya Linux ambayo /var (logi, yaani kumbukumbu za matukio, na data za programu) imejaa huku /home (faili za watumiaji) ikiwa na nafasi ya ziada. Kabla hujagusa diski, piga `df -hT` uone aina ya mfumo wa faili. Kama /home ni xfs, usitegemee kuipunguza: utahamisha data pembeni, ufute voliumu (sehemu ya diski inayobeba /home), uiunde upya ikiwa ndogo, ndipo urudishe. Kazi ya usiku mzima.

Ikiwa ni ext4 juu ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski katika voliumu), na /var iko kwenye kundi lilelile la voliumu, mambo ni mepesi. Chukua bekapu, ingia moja kwa moja kama root, yaani msimamizi mkuu (mtumiaji anayeishi ndani ya /home atafanya `umount`, amri ya kuitenganisha /home, igome), kisha:

```
umount /home
lvreduce -r -L 60G /dev/vg0/home
mount /home
lvextend -r -L +40G /dev/vg0/var
```

Hapa 60G ni ukubwa mpya wa /home, na +40G ni nyongeza ya /var; majina halisi utayaona kwa `lvs`. Hiyo `-r` usiiache hata kidogo: inapunguza mfumo wa faili kwanza, ndipo voliumu. Bila hiyo unakata voliumu huku data bado imo. /var yenyewe inapanuka seva ikiwa kazini.

Ila jaribu kwanza `journalctl --vacuum-size=500M`, inayofuta logi za zamani za mfumo. Pengine kinachokujazia /var ni logi tu.