Usikariri mchezo wa Morphy, funika hatua

Acha kukariri leo hii. Unasema umeambiwa ukishika kichwani hatua zote 17 za Paul Morphy, bingwa wa sataranji (chess), aliyecheza nyeupe dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard walioshirikiana kucheza nyeusi, Paris 1858, utakuwa umeujua ufunguzi wa Philidor, yaani namna mojawapo ya nyeusi kuanza mchezo. Aliyekwambia amekupotosha, na inaniuma kwa sababu video za dakika tano zimejaa ushauri huohuo. Zinakurusha hadi malkia anapotolewa kafara kwenye mraba wa b8, ngome inammaliza mfalme kwa d8, makofi. Mchezo ulishaamuliwa zamani!

Funika karatasi. Fungua hatua moja moja, na kabla ya kila hatua ya nyeupe andika yako na sababu yake. Programu ya kompyuta inayokokotoa hatua bora izimwe mpaka umalize.

Simama hatua ya 8. Malkia mweupe yuko b3, anatishia f7 na b7 kwa mpigo. Nyeusi amejibu malkia e7. Wengi wataandika "nakula b7". Sawa, kula: nyeusi anatoa shaha (anamtishia mfalme wako) kwa malkia b4, unalazimika kubadilishana malkia. Umepata askari, shambulizi limekufa. Morphy alimsogeza farasi hadi c3. Anayekariri anaipita hatua hiyo bila kuiona, na ndiyo roho ya mchezo mzima.

Halafu hatua ya 10, farasi anakula b5. Usiseme "kafara nzuri", hesabu kete zilizotoka. Nyeupe ana nne nje: malkia, farasi, maaskofu wawili. Nyeusi ana farasi f6 na malkia aliyemzibia askofu wake wa f8. Askofu huyo na ngome ya h8 hawakusogea hadi mwisho. Nyeusi anamla farasi wa b5, askofu mweupe anakula hapohapo kwa shaha, farasi mweusi anaziba d7. Nyeupe akifunga ngome (mfalme na ngome wanasogea kwa hatua moja) upande wa malkia hatua ya 12, ngome inaingia d1 papo hapo, na farasi wote wawili weusi wamebanwa, wakisogea wanamwacha mfalme au malkia wao wazi: wa d7 na askofu wa b5, wa f6 na askofu wa g5.

Na ukicheza nyeusi, usiige askofu g4 hatua ya 3. Nyeupe anakula e5, nawe unalazimika kumtoa askofu kwa farasi wa f3, la sivyo askari anapotea. Cheza farasi f6, au kula d4.

Swali lako la programu gani ya sataranji ununue, tuongee ukishaniandikia hapa sababu zako za hatua ya 8 na ya 10.