Kabla ya kuizima Wi-Fi ya zamani chuoni

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyekabidhiwa mtandao wa chuo, kama nilivyokabidhiwa mimi miaka mingi iliyopita, aliniandikia swali fupi: "Kaka, 802.11b niizime au niiache?" Alikuwa akiuliza kuhusu kiwango cha zamani cha Wi-Fi. Nilitaka kumjibu kwa neno moja, kisha nikakumbuka kwamba neno hilohilo ndilo lililoniponza.

Chuo chetu kilikuwa kimenunua vituo vipya vya kusambaza mawimbi vya 802.11g, kiwango kilichoidhinishwa mwaka 2003, chenye kasi ya hadi megabiti 54 kwa sekunde. Kilitumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 yaliyokuwa yakitumiwa na 802.11b, ambayo mwisho wake ni megabiti 11. Nami, kwa ujana, niliwaahidi wakubwa wangu kasi ambayo haikuonekana. Malalamiko yalipozidi niliketi maktabani na kompyuta mpakato, nikinasa pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data vinavyopita hewani, moja baada ya nyingine, hadi nikaona kinachotokea. Kila kifaa kipya, kabla ya kutuma chochote, kilitanguliza ujumbe mfupi kwa mwendo wa zamani ili vile vikongwe visivyoielewa lugha yake vijue kwamba hewa imeshikwa. Isitoshe, baiti 1500 zikienda kwa megabiti 54 huishika hewa kwa takriban milisekunde 0.22, ilhali kwa megabiti 1 huishika kwa milisekunde 12, na muda wote huo wengine kwenye chaneli hiyo wananyamaza wakisubiri zamu.

Basi Ijumaa moja usiku nilizima kasi zote za 802.11b chuo kizima, bila kumwuliza mtu. Kasi ya kompyuta mpya ilipanda zaidi ya mara mbili, nikaenda kulala nikiwa na furaha tele. Jumatatu asubuhi skana za kusomea msimbopau pale maktaba, ambazo zilijua 802.11b tu, zilikuwa zimekufa zote. Wakutubi waliandika namba za vitabu kwa kalamu, na foleni ikafika mlangoni. Mkuu wangu aliniuliza mbele ya watu nani alinituma. Kuhusu ile kasi iliyopanda hakusema neno, wala hajasema hadi leo.

Kwa hiyo, hesabu kwanza. Kidhibiti cha mtandao kitakuonyesha kila kifaa kimeunganishwa kwa kiwango gani, lakini usitosheke na orodha ya siku moja, kwa sababu kipo kifaa cha maabara kinachowashwa mara moja kwa mwezi, na mwenyewe ni profesa. Kinachoweza kuhamia kwenye kebo kihamishe. Kilichobaki kitengee kituo chake, chaneli yake kati ya 1, 6 na 11, na jina lake la mtandao, kisha kwingineko kasi ya chini kabisa iwe megabiti 12. Wengi huongeza jina jipya juu ya chaneli ileile, wakadhani wametenganisha. Jina haliongezi hewa. Linaipunguza, kwani kila jina hujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde, tena kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa.

Msidhani haya ni ya kale. Leo mnafunga Wi-Fi 6 na kulazimisha WPA3, ulinzi wa Wi-Fi uliokuja baada ya WPA2, na printa zisizoijua WPA3 zinawangoja palepale skana zangu ziliponingojea. Masafa ya gigahezi 6 hayana vikongwe, na hayakubali WPA2, lakini gigahezi 2.4 bado ni ya watu wote. Vijana, acheni kuwadharau wenye vifaa vikuukuu: hawakuchagua kuvitumia, na bajeti hamkuiandika ninyi.

Ndugu msomaji, izime. Ila uizime jengo moja moja, asubuhi ya siku ya kazi, ukiwa umesimama mwenyewe kwenye kaunta ya maktaba.